Mbona Mmechelewa?

Mwalimu alikuja dukani kwangu Jumatatu moja ya mwaka 2011, hata sijamaliza kufagia. Duka lenyewe ni chumba kimoja karibu na mahakama hapa Nakuru: kompyuta tatu, mashine ya fotokopi, rafu ya kalamu na bahasha. Watu huja kuchapiwa hati za kiapo, mikataba ya mashamba, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi. Yeye alikuja na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe hadi ikawa laini kama kitambaa.

"Binti, hapa mnachapa Kiswahili ama ni Kiingereza tu?"

Nikamwambia tunachapa chochote.

"Basi Kiswahili. Wakili atatafsiri mwenyewe. Kule waliniuliza kwa Kiswahili na nikawajibu kwa Kiswahili. Tuyaandike hivyo hivyo."

Kule. Nilimfahamu kwa miaka kumi, na sikumsikia hata siku moja akipaita mahali hapo kwa jina jingine.

Alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya upili. Machi 1986, wanaume watatu waliovaa kiraia walimtoa darasani, mbele ya kidato cha pili, chaki ikiwa mkononi. Chaki hiyo ilimkaa akilini kuliko mambo mengi makubwa yaliyofuata. Aliingia nayo garini, na walipomfunga macho alikuwa bado ameishika, akaisaga kwa vidole mpaka ikawa unga. Alifunguliwa macho ndani ya chumba kisicho na dirisha, na kuanzia hapo hesabu ya siku ikampotea. Jioni moja walimpeleka mahakamani, watu wengine wakiwa wameshaenda nyumbani. Hakuwa na wakili, na jamaa zake hawakujua yuko wapi. Akakiri kosa la kuwa na karatasi ambayo hakuwahi kuiona, akafungwa. Alipotoka jela hakupata shule iliyokubali kumwajiri.

Wakili wa kesi aliyotaka kuifungua dhidi ya serikali alikuwa amempa orodha ya mambo yanayotakiwa kwenye hati ya kiapo: ni lini, ni wapi, ni nani, walifanya nini. Tulikwama kwenye la pili.

"Sijui ni wapi," akasema. "Nilifungwa macho kuingia, nikafungwa macho kutoka."

"Lakini Mwalimu, watu wote siku hizi wanajua ni wapi."

"Hao wote hawakuapa. Mimi naapa. Andika: mahali nisipopajua kwa kuwa nilifungwa macho. Halafu uandike nilichokijua. Kulikuwa na lifti. Nilihesabu muda wa lifti kwa kuhesabu pumzi zangu."

Nikaandika. Tukafika sehemu ya mateso yenyewe, nami, kwa haraka ya mtu anayechapa hati ishirini kwa siku, nikaandika: "Niliteswa kwa siku nyingi." Alivua miwani.

"Hiyo ni kauli gani?"

"Kauli ya kutendwa, Mwalimu."

"Na mtenda yuko wapi?"

Nilinyamaza, vidole vikiwa juu ya kibodi.

"Mtoto akivunja sahani jikoni anakuja kukwambia nini? Anasema sahani imevunjika. Hasemi nimevunja. Sasa wewe unawaandikia hivyo hivyo. Mimi sikuugua, binti. Andika: mtu mmoja mrefu, mwenye sauti ya mafua, alinivua nguo. Andika: mwenzake alifungulia maji yakajaa chumbani mpaka yakanipita vifundo vya miguu, akafunga mlango akaenda. Kila kitendo na mtu wake. Kama jina hulijui, andika sauti yake."

Tukafuta, tukaanza upya. Ukurasa mmoja na nusu ukawa kurasa tisa. Siku hiyo sikumhudumia mteja mwingine hadi saa nane.

Mwaka huo wa 1986 mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nikinywa maziwa ya Nyayo shuleni, yale ya pakiti ya pembe tatu, na tulikuwa tukiyapigania hasa siku za baridi. Tuliimba nyimbo za kumsifu Rais Moi tukiwa tumesimama kwenye mistari, na ninakiri hapa kwamba niliziimba kwa moyo wote. Nilimpenda kama mtoto anavyompenda mtu anayempa maziwa. Nyumbani, baba alikuwa akishusha sauti kila anapotaja watu wa "Special", yaani polisi wa siri, na mama humkata kabisa kwa kumwuliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Sikuelewa. Mwalimu alipokuwa akinisomea orodha ya yale aliyofanyiwa, nilikuwa nikijiuliza siku ile ya Machi nilikuwa wapi, na jibu ni kwamba huenda nilikuwa kwenye mstari, naimba.

Kwa wasomaji wadogo, na kwa walio nje ya Kenya, nieleze kwa ufupi. Daniel arap Moi alichukua urais mwaka 1978. Juni 1982 Bunge liliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria, kwa kile kifungu maarufu cha 2A. Agosti 1 mwaka huo baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali wakashindwa, na tangu hapo hofu ikawa ndiyo njia ya kutawala. Kuanzia 1986 msako ukaelekezwa kwa Mwakenya, kundi la siri lililokuwa na gazeti lake liitwalo Mpatanishi. Walikamatwa wahadhiri, wanafunzi wa vyuo vikuu, wanasheria, waandishi wa habari, wafanyabiashara, wakulima. Kuwa na nakala ya gazeti hilo, au kujua mwenye nayo ukakosa kumripoti, kulitosha kukufunga.

Wengi walipitishwa Nyayo House, jengo refu la ofisi za serikali katikati ya Nairobi lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chini ya ardhi kulijengwa seli. Mahojiano yalifanyika orofa za juu, kwa hiyo mtu aliteremshwa na kupandishwa kwa lifti akiwa amefungwa macho, katika jengo lile lile ambamo wakati huo huo wananchi walikuwa wakipanga foleni kwenye madirisha ya huduma. Manusura waliosimulia hadharani wamesema mambo yanayofanana hata kama hawakuwahi kuonana kabla: seli zilizojazwa maji, njaa, kupigwa wakiwa uchi, hewa ya vumbi iliyopulizwa ndani, giza, taa zisizozimwa. Wanyiri Kihoro, mwanasheria, aliwekwa humo siku 74. Peter Karanja, mfanyabiashara, alikamatwa akiwa hai mwanzoni mwa 1987, na kabla mwezi wa Februari haujaisha alikuwa maiti.

Na kila mtu aliyewahi kutafuta pasipoti miaka hiyo na hata baadaye anaijua Nyayo House kwa sababu nyingine. Idara ya Uhamiaji iko hapo. Mimi nilienda mwaka 2014. Nilikaa kwenye benchi nikiwa na risiti yangu, kando yangu mama mmoja akimnyonyesha mtoto, kijana akisikiliza mpira kwenye simu. Nilitazama sakafu. Ni sakafu ya kawaida, imepigwa deki vizuri. Sikuweza kuacha kuhesabu pumzi zangu. Jina langu lilipoitwa nilichukua pasipoti, nikatoka nje haraka kama mtu anayefukuzwa, na sikumwambia Mwalimu kwamba nilipita hapo, maana nilijua angeniuliza: ulijuaje kwamba ni hapo?

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika haya. Kesi ya Mwalimu ilifunguliwa, ikaahirishwa mara nyingi kuliko nilivyoweza kufuatilia, na hatimaye siku ya kuhojiwa ikafika. Nilifunga duka nikaenda kumsikiliza. Wakili wa upande wa serikali alikuwa kijana mpole, na sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Hakumwuliza Mwalimu kuhusu maji wala lifti. Hakubisha lolote kati ya yale yaliyokuwa kwenye zile kurasa tisa. Swali lake lilikuwa moja, alilolizungusha kwa namna mbalimbali: haya yalitokea mwaka 1986, wewe umekuja mahakamani mwaka 2011. Mbona umechelewa?

Mwalimu alikuwa amesimama ameshika ukingo wa kizimba. Akajibu, "Sikuchelewa. Nilicheleweshwa."

Karani aliyekuwa akitafsiri alinyamaza kidogo akitafuta neno.

Hilo ndilo swali waliloulizwa karibu wote. Ukizisoma hukumu za kesi za mateso ya enzi ya Moi, utaona hoja ya kuchelewa ikirudi tena na tena. Wako waliokubaliwa sababu zao za kuchelewa, na wako waliotupiwa kesi zao nje kwa sababu hiyo tu, mtu akirudi nyumbani na makovu yake bila mahakama kusema kama ni ya kweli au si ya kweli. Kwa hiyo nataka kufanya kile ambacho Mwalimu angekifanya na sentensi hiyo. Amecheleweshwa, sawa. Na mtenda ni nani?

Tuanze na wale waliowahi. Mwanzoni mwa 1987 wakili Gibson Kamau Kuria alitoa notisi kwa serikali kwamba angeishtaki kwa niaba ya watu watatu waliokuwa kizuizini, Wanyiri Kihoro akiwa mmoja wao, kwa sababu ya mateso waliyopata. Hao hawakungoja miaka 25. Wakili mwenyewe alikamatwa Februari hiyo hiyo akawekwa kizuizini hadi Desemba. Mwalimu alikuwa jela wakati huo, na habari hiyo ilimfikia kupitia askari jela aliyekuwa akimwonea huruma. Aliniambia: "Nilijiuliza, kama wakili mwenyewe anafungwa, mimi mfungwa nitaanzia wapi?"

Mwaka 1988 Katiba ikabadilishwa, majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, hivyo Rais angeweza kumfukuza jaji bila utaratibu wa maana. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, lakini katikati hapo, mwaka 1989, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi ambao ninauona mzito kuliko seli zote. Ilisema kwamba kifungu cha Katiba kilichompa mwananchi ruhusa ya kwenda mahakamani kutetea haki zake za msingi hakiwezi kutumika, kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitekeleza. Haki zilikuwemo ndani ya Katiba, zimechapwa, zinasomeka, lakini mlango wa kuzidai ulifungwa kwa kukosa kanuni. Kanuni hizo zilikuja kutungwa mwaka 2001. Jaji Mkuu wakati huo alikuwa Bernard Chunga, yule yule aliyewahi kusimama mahakamani kama mwendesha mashtaka katika kesi za Mwakenya. Alijiuzulu Februari 2003 baada ya Rais Kibaki kuunda jopo la kuchunguza mwenendo wake.

Niliposoma hayo nilimpelekea Mwalimu nyumbani kwake kama mtu aliyeokota dhahabu. Aliyasikiliza, akanisahihisha matamshi ya neno moja, akasema, "Basi hesabu yao ianze 2001." Halafu akafikiri. "Hapana. Mwaka 2001 Rais alikuwa bado yeye."

Alikuwa sahihi. Moi aliondoka Desemba 2002. Na niwaulize wale wanaosema watu wangeenda mahakamani hata wakati huo: ungemshtaki nani, kwa polisi gani, ukirudi kulala wapi? Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walijaribu kuomba tu, wala hawakushtaki. Mwishoni mwa Februari 1992 walikaa kwenye Bustani ya Uhuru, ng'ambo ya barabara kuu kutoka Nyayo House, wakagoma kula wakitaka watoto wao waachiliwe. Walikuwa wanawake wazima, baadhi ni wazee, na Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Machi 3 polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Wangari Maathai alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya wale mama walivua nguo zao mbele ya askari. Katika jamii zetu hiyo ni laana nzito ambayo mzazi anaweza kuitoa, na mwanamume aliyelelewa vizuri hugeuza uso akimbie. Walihamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mwaka 1993 karibu wana wao wote wakawa wameachiliwa.

Akina mama hao, Monica Wangu Wamwere akiwa wa kwanza kwenye orodha, walikwenda mahakamani baadaye kudai haki kwa yale waliyofanyiwa pale bustanini. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa na walipwe fidia. Hesabu mwenyewe: 1992 hadi 2023.

Kuna siku nyingine siwezi kuiacha. Oktoba 2012 Mwalimu aliingia dukani akiwa na gazeti, uso unang'aa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mahakama Kuu ya London ilikuwa imewaruhusu wazee wa Mau Mau waendelee na kesi dhidi ya serikali ya Uingereza kwa mateso ya miaka ya 1950. Uingereza ilikuwa imetoa hoja ile ile, kwamba wamechelewa, miaka zaidi ya 50 imepita. Jaji akakataa, akasema kesi bado inaweza kusikilizwa kwa haki, maana nyaraka za kikoloni zipo, nyingi zikiwa zimefichwa miaka yote hiyo na serikali hiyo hiyo inayolalamika kuhusu kuchelewa. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 na kusema inajuta. Septemba 2015 ukazinduliwa mnara wa kumbukumbu, kwa gharama ya Uingereza, katika Bustani ya Uhuru. Ndiyo, bustani ile ile ya akina mama.

Ukweli usemwe wote: kundi jingine la wazee zaidi ya 40,000 lilishindwa London mwaka 2018, na hapo hoja ya kuchelewa ndiyo iliyowaangusha. Lakini mwaka ule wa 2012 Kenya nzima ilishangilia, serikali yetu ikiwemo, na ilikuwa sahihi kushangilia. Mwalimu alinunua nakala tatu za gazeti, moja akaniachia. "Sasa," akasema, "hawawezi kuniambia nimechelewa. Wenyewe wamesema miaka 50 si mingi."

Ilikuwa takriban miaka miwili baada ya siku hiyo ambapo kijana yule mpole alimwuliza mbona amechelewa miaka 25. Nilimwona Mwalimu akimtazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira. Alimtazama vile mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyefanya vizuri mtihani wa mazoezi akaja kuanguka kwenye mtihani wenyewe.

Kuhusu tume ya ukweli, iliyoundwa kuchunguza maovu ya zamani, sitasema mengi. Utawala mpya ulipoingia, Februari 2003, seli za Nyayo House zilifunguliwa watu wazione, manusura wakaingia wakiwa na macho wazi mara ya kwanza, wengine wakalia. Jopo la Profesa Makau Mutua lilipendekeza mwaka huo huo iundwe tume ya ukweli. Sheria yake ilikuja kupitishwa mwaka 2008, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi na ikakabidhi ripoti yake Mei 2013, ripoti ambayo Bunge limeiacha bila kuipitisha. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Mimi nimechapa hati za manusura wengi tangu Mwalimu aje na bahasha yake, na bado sijakutana na aliyepokea hata shilingi kutoka mfuko huo.

Mahakama ndiyo iliyobaki. Julai 2010 Jaji Hannah Okwengu aliwapa ushindi walalamikaji 21 wa Nyayo House katika hukumu moja, na hukumu hiyo ndiyo iliyomwinua Mwalimu kutoka kitini na kumleta mjini. Zikafuata nyingine. Meja Jenerali Peter Kariuki, aliyekuwa kamanda wa jeshi la anga mwaka 1982, aliongezewa fidia na Mahakama ya Rufaa mwaka 2014 hadi shilingi milioni 15. Mwalimu naye alishinda, mwaka 2016. Jaji alisema kuchelewa kwake kumeelezeka. Tulikunywa soda dukani, yeye, mkewe, mimi na wakili. Nilidhani tumemaliza.

Hapa ndipo nilipojifunza mambo ambayo natamani kila Mkenya ayajue. Mtu wa kawaida akishindwa kesi akakataa kulipa, dalali anakuja kuchukua gari lake au viti vyake. Mali ya serikali haiguswi, sheria imekataza. Ukiishinda serikali unaandaa amri ya mahakama, unasubiri gharama zikadiriwe, unaomba cheti maalumu kinachoonyesha kiasi unachodai, unakipeleka wizarani, unasubiri. Wasipolipa, unafungua shauri jipya, jingine kabisa, la kuiomba mahakama imwamuru katibu wa wizara alipe. Ukishinda hilo, unasubiri. Asipotii, unaomba aitwe ajieleze kwa kudharau mahakama. Na kila hatua ina karatasi zake, nakala zake, kiapo chake, nauli yake. Najua, maana mimi ndiye niliyekuwa nachapa. Faili la Mwalimu lilijaa likawa mawili.

Mara moja nilimsindikiza ofisini kupeleka cheti. Jina la ofisi silitaji. Karani wa dirishani alipekua kurasa, akatazama tarehe ya hukumu, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia kweli: "Mzee, hii ni ya zamani. Mbona mmechelewa kuileta?" Bajeti ya mwaka ilikuwa imefungwa, turudi mwaka mwingine wa fedha. Mwalimu akamshukuru. Kwenye matatu ya kurudi hakusema neno mpaka tulipopita Naivasha. Hapo akauliza kama nimewahi kuona flamingo.

Hakuna afisa hata mmoja aliyehukumiwa kwa jinai kwa mateso ya Nyayo House. Moi alifariki Februari 4, 2020, akazikwa Kabarak kwa heshima zote za kitaifa, mizinga ikapigwa. Mwalimu alitazama mazishi yote kwenye televisheni, kutoka asubuhi, ameketi wima. Mkewe alitaka kuzima, akamkataza. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akisubiri kusikia kama kuna mtu atakayesema. Sikumwuliza aseme nini. Hata fedha za fidia, zikija, zinatoka kwenye kodi, yaani kwa mama mboga, kwangu mimi, na kwa Mwalimu mwenyewe kila aliponunua sukari. Mtu mrefu mwenye sauti ya mafua, kama yu hai, anachukua pensheni yake.

Mwalimu alifariki mwaka 2021. Hakuwa amelipwa.

Mwezi uliofuata mkewe alikuja dukani, na bahasha ile ile ya kaki ikiwa ndani ya kikapu. Wakili amesema shauri halifi pamoja na mtu, linaweza kuendelezwa na familia, lakini kwanza kuna karatasi za mirathi, na hati mpya ya kiapo, safari hii kwa jina lake yeye. Nilifungua ile ya mwaka 2011 kwenye kompyuta, maana nilikuwa nimeihifadhi. Alivuta kiti akakaa kando yangu, akasoma kurasa zote tisa polepole, kidole kikifuata mistari kwenye skrini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzisoma. Miaka 35 walikuwa wameishi nyumba moja, na alikuwa hajawahi kuambiwa habari za maji.

Alipofika mwisho alikaa kimya. Nje mtu alikuwa akiuliza bei ya fotokopi, nikamwashiria asubiri.

"Hapa mnaandikaje mtu akishakufa?" akauliza.

"Tunaongeza marehemu, mama. Kabla ya jina."

"Kila mahali?"

"Kila mahali."

"Basi ongeza. Lakini hayo mengine usiyaguse. Yaache alivyoyasema."

Nikarudi ukurasa wa kwanza nikaanza kuongeza, na yeye akawa ananionyesha pale nilipoliruka.